Leseni Imo Ndani ya Mashine: Mwongozo Kamili wa Kuondoa Programu za Kuchakachua kwenye Kompyuta za Ofisi Ndogo

Wenye steshenari, ofisi za uhasibu, shule na studio za picha hujaribu kuachana na programu za kuchakachua, na wengi wao baada ya wiki mbili wanakuwa wamerudi palepale. Makosa ni yaleyale matatu. Wanapiga Windows upya kwa flashi ya fundi, ambayo kreki (programu ya kudanganya leseni) imeshapikwa humo ndani. Wanaweka toleo la Pro kwenye mashine yenye leseni ya Home, maandishi ya "Activate Windows" yanatokea pembeni mwa kioo, anaitwa fundi yuleyule. Au wanasafisha Windows na kuisahau Office, nayo ilikuwa na kreki yake.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi. Laptopu ya mtumba iliyoletwa kutoka Dubai au Uingereza, kama ilitoka kiwandani na Windows 8 au zaidi, kwa kawaida ina ufunguo wake halali ndani ya chipu ya ubao mama. Huo ufunguo haufutiki ukifuta diski. Maana yake ni kwamba ofisi nyingi zinatumia Windows ya wizi juu ya leseni ambayo ilishalipiwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta, siyo kununua.

Mwongozo huu unafaa kwa kompyuta 1 hadi 15 hivi, bila seva.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta moja unayoiamini. Usitengenezee flashi ya usakinishaji kwenye mashine unayoishuku.
- Flashi 2 za GB 8 au zaidi: moja ya Windows, moja ya Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows. Zote zitafutwa.
- Diski ya nje yenye nafasi zaidi ya jumla ya kazi zote unazotaka kuhifadhi.
- Bando la GB 20 hivi kwa mashine ya kwanza. Windows 11 peke yake inavuka GB 5, Mint ni karibu GB 3, na masasisho ya siku ya kwanza hula kingine. Mashine zinazofuata zitatumia flashi zilezile.
- Betri za CR2032 mbili tatu, kwa sababu itakayoonekana Hatua ya 6.
- Daftari. Ndiyo, la karatasi.

Tenga nusu siku kwa mashine ya kwanza. Laptopu iwe imechomekwa kwenye umeme na betri imejaa. Kompyuta ya mezani isiguswe bila UPS kama mtaa wenu umeme unakatika.

## Hatua ya 1: Andika kila mashine ina nini

Kwa kila kompyuta andika modeli, namba ya utambulisho iliyo chini au nyuma yake, anayeitumia, na kazi anayofanya. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `appwiz.cpl`, na uorodheshe programu zote zinazotumika kweli kazini.

Neno "kweli" lina uzito hapa. Ofisi nyingi zina Photoshop kwenye mashine sita, lakini anayeifungua ni mtu mmoja. Usitafute mbadala wa programu ambayo hakuna anayeihitaji.

## Hatua ya 2: Iulize mashine leseni yake

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, kwa hiyo usiharakishe.

Bonyeza Windows na R, andika:

`slmgr /dli`

Kidirisha kitatokea baada ya sekunde chache. Soma mstari wa "Description" na herufi tano za "Partial Product Key". Ziandike. Kisha fanya hivyohivyo kwa:

`slmgr /xpr`

Huu unakueleza kama uanzishaji (activation) ni wa kudumu au una tarehe ya kuisha. Mwisho fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike:

`(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`

Ikitokea safu ya herufi 25 zilizogawanywa tano tano, huo ndio ufunguo wa kiwandani ulio kwenye ubao mama. Uandike daftarini. Ikirudi tupu, mashine haina ufunguo wa namna hiyo.

Majibu yasomwe hivi, kwa neno lililo kwenye mstari wa "Description":

OEM_DM. Windows inatumia ufunguo wa kiwandani. Linganisha herufi tano za mwisho na zile za PowerShell. Zikifanana, Windows hiyo haina tatizo la leseni, ingawa programu nyingine zinaweza kuwa nalo.

VOLUME_KMSCLIENT, na `/xpr` inatoa tarehe. Huu ni mfumo wa taasisi kubwa uitwao KMS. Uanzishaji wake hudumu siku 180, na mashine hutakiwa kuurudia kwa seva ya taasisi, ambayo nayo haianzi kuhudumia mpaka ihesabu kompyuta 25. Steshenari yenye mashine nne haiwezi kuwa na seva hiyo. Ukiuona mtaani ni kreki, au ni mabaki ya kampuni iliyoiuza mashine, na leseni ya kampuni haihami pamoja na mashine. Laptopu aliyopewa mtumishi na mwajiri wake ni habari nyingine; hiyo usiiguse.

VOLUME_MAK. Ufunguo mmoja wa mashine nyingi za taasisi fulani. Funguo za bei ya soda zinazouzwa mtandaoni mara nyingi ni za jamii hii. Hukubali leo, hufungiwa baadaye, na risiti huna.

RETAIL, na `/xpr` inasema ni ya kudumu. Hapa wengi hushangilia mapema. Inaweza kuwa leseni halali iliyopandishwa kutoka Windows ya zamani, na inaweza kuwa kreki ya kisasa, kwa sababu zote mbili huonyesha herufi tano zilezile za ufunguo wa jumla: 3V66T kwa Pro. Kidirisha hakiwezi kukutenganishia. Kinachotenganisha ni ufunguo wa ubao mama wa toleo hilohilo, au risiti.

Tazama pia toleo. Mashine inaweza kuwa na ufunguo wa Home chini yake huku juu fundi amepiga Pro. Ufunguo wenyewe haukuandikiwa toleo, lakini usakinishaji wa Hatua ya 6 utaliweka wazi.

Kwa Office, fungua Command Prompt, dirisha lingine la amri, kama msimamizi:

`cscript "C:\Program Files\Microsoft Office\Office16\ospp.vbs" /dstatus`

Kama faili haipatikani, jaribu folda ya "Program Files (x86)". Ukiona neno KMS kwenye jibu, hukumu ni ileile.

Umefaulu hatua hii ukiwa na ukurasa mmoja kwa kila mashine: modeli, aina ya leseni, ufunguo wa ubao mama upo au haupo, hali ya Office.

## Hatua ya 3: Tafuta alama za kreki

Lengo hapa siyo kuzing'oa moja moja. Mashine itafutwa yote. Unatafuta kujua nywila zipi zimekaa hatarini.

Fungua kwa Notepad faili `C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts`. Kwenye Windows safi mistari yote huanza na alama ya #. Ukikuta orodha ya anwani za Adobe, Corel au Autodesk zimeelekezwa kwenye 127.0.0.1 au 0.0.0.0, kuna mtu amezizuia programu zisizungumze na kampuni iliyozitengeneza.

Kisha, kwenye PowerShell iliyofunguliwa kama msimamizi:

`(Get-MpPreference).ExclusionPath`

Hii inaonyesha folda ambazo antivairasi ya Windows imeamriwa isiziguse. Kama humo mna C: nzima, mashine haina mlinzi. Kreki nyingi huomba ruhusa hii kwanza, na aliyeificha humo programu ya kuiba nywila amepewa chumba na ufunguo.

Ukikuta lolote kati ya hayo, badilisha nywila za barua pepe, benki, tovuti ya mapato na mitandao ya kijamii, kutoka simu au kompyuta safi. Ukizibadilisha kwenye mashine ileile, unampelekea mwizi nywila mpya.

## Hatua ya 4: Chagua njia ya kila mashine

Ina ufunguo wa ubao mama wa Windows 10 au 11: piga Windows safi, gharama ya leseni ni sifuri.

Haina ufunguo, na kazi yake ni kuandika, kuchapa, intaneti na barua pepe: weka Linux Mint.

Haina ufunguo, na kazi yake inalazimisha Windows, mfano QuickBooks ya kompyuta au mashine maalum ya uchapaji yenye draiva za Windows tu: hapa ndipo pesa itoke. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti yenye jina la biashara yako.

Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo lenga Windows 11 pale mashine inapoikubali. Masharti yake ni RAM GB 4, diski GB 64, TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft; kwa Intel, kwa kawaida ni kizazi cha 8 kwenda juu. Amri `tpm.msc` itakuonyesha TPM. Ufunguo wa Windows 10 wa mashine hiyo unaikubali Windows 11. Ufunguo wa Windows 7 au 8 ni suala lingine: Microsoft ilifunga mlango huo Septemba 2023, na kibandiko cha Windows 7 kilicho chini ya mashine hakitakusaidia tena kwenye usakinishaji mpya. Laptopu kama hizo, na za kizazi cha 4 hadi 7 kwa ujumla, ndizo zinazofaa Mint.

Kama mwenzako anauliza kwa nini usumbuke: Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinatofautisha anayevunja hakimiliki kibiashara na asiyefanya biashara, adhabu ya mfanyabiashara ikiwa kali zaidi. Kenya ipo Sheria ya Hakimiliki ya 2001, chini ya KECOBO, bodi ya hakimiliki ya nchi hiyo. Ofisi inayotoza pesa kwa kazi iliyofanywa na programu ya wizi haina pa kujificha kwenye "matumizi binafsi".

## Hatua ya 5: Hifadhi kazi kabla ya kufuta

Nakili folda za Documents, Desktop, Downloads na Pictures, pamoja na alama na nywila za kivinjari. Usinakili faili za `.exe`, folda za "setup", wala folda yoyote ya kreki. Kinachohamishwa ni kazi, siyo programu. Wengi hurudisha ugonjwa kwa mlango huu.

Mambo matatu yanayoliza watu:

Faili za QuickBooks za `.qbw` hazifunguki kwenye programu nyingine ya hesabu. Kabla ya kufuta, toa orodha ya wateja, wauzaji, bidhaa na ripoti za miaka yote kwenda Excel au CSV. Ukikumbuka baada ya kufuta, vitabu vyako vimefungiwa humo.

Kazi za CorelDRAW za `.cdr` hufunguka kwenye Inkscape, programu ya bure ya kuchorea, kwa kupotoka, hasa maandishi na vivuli. Nembo za wateja wa kudumu zitoe kama PDF na SVG wakati programu bado ipo.

Diski inaweza kuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, bila wewe kujua. Andika `manage-bde -status` kwenye Command Prompt ya msimamizi. Kama imefungwa, nakili ufunguo wa uokozi wenye tarakimu 48 kabla ya kugusa BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows kuwaka.

Umefaulu pale unapoweza kuchomeka diski ya nje kwenye kompyuta nyingine na kufungua faili kumi ulizozichagua ovyo ovyo. Kuona majina ya faili hakutoshi.

## Hatua ya 6: Piga Windows safi

Kwenye kompyuta unayoiamini, ingia tovuti ya Microsoft, pakua zana ya kutengenezea flashi iitwayo Media Creation Tool, na uiache itengeneze flashi. Usitumie faili ya ISO (nakala nzima ya usakinishaji) uliyopewa na mtu kwenye WhatsApp au Telegram, hata kama ni rafiki.

Chomoa diski ya nje. Chomeka flashi, washa mashine huku ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, na uchague flashi.

Kama kuna ufunguo wa ubao mama, mara nyingi usakinishaji hautakuuliza toleo, utachagua wenyewe. Ukikuchagulia Home wakati ulizoea Pro, usibishane nao. Hiyo ndiyo leseni iliyolipiwa. Ukiombwa ufunguo, chagua kwamba huna.

Ukifika kwenye orodha ya vipande vya diski, futa vipande vyote vya diski hiyo mpaka ibaki nafasi moja tupu, kisha endelea. Kuruka hili na kusakinisha juu ya Windows ya zamani huacha folda ya Windows.old na wakati mwingine kreki yenyewe.

Baada ya intaneti kuunganishwa, fungua Settings, System, Activation. Umefaulu ukiona imeanzishwa kwa leseni ya kidijitali, na `slmgr /dli` sasa inasema OEM_DM.

Ikikataa, soma namba ya kosa kabla ya kumpigia mtu simu:

- 0x80072F8F: saa au tarehe si sahihi. Kwenye mashine za mtumba ni kosa la kila siku, kwa sababu betri ya ubao mama imekufa na saa inarudi miaka nyuma kila ukizima. Weka CR2032 mpya, rekebisha saa, jaribu tena.
- 0xC004F213: hakuna ufunguo uliopatikana kwenye mashine. Hutokea pia ubao mama ukibadilishwa.
- 0xC004F034: mara nyingi toleo halilingani na leseni. Rudia kwa toleo sahihi.
- 0xC004F074: inatafuta seva ya KMS. Umetumia flashi ya fundi.
- 0xC004C008: ufunguo umetumika kwenye mashine nyingi kuliko inavyoruhusiwa.

Kuna hali moja mbaya kuliko hizo. Baada ya kusakinisha, mashine inakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya kazi ya kampuni hiyo. Mashine bado imesajiliwa kwa mwenye mali wa kwanza, na usajili uko kwenye seva, si kwenye diski. Ukiifuta mara mia utarudi. Mafundi wana ujanja wa kuipita bila intaneti, lakini kompyuta ambayo mtu mwingine anaweza kuidai haijawa yako. Irudishe dukani ukiwa na risiti. Vivyo hivyo kwa BIOS yenye nywila usiyoijua.

## Hatua ya 7: Weka Linux Mint

Pakua ISO ya Mint kutoka tovuti yake, na uithibitishe kabla ya kuiandika kwenye flashi:

`certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256`

Linganisha jibu na lile lililo kwenye tovuti, herufi kwa herufi mwanzoni na mwishoni. Zikitofautiana, bando lilikatika katikati au faili si yenyewe; pakua upya. Iandike kwa Rufus au balenaEtcher.

Anza na flashi bila kusakinisha. Jaribu Wi-Fi, sauti, skrini na hasa printa: chapa ukurasa mmoja, skani mmoja. Dakika ishirini hizi huokoa siku nzima.

Wi-Fi isipoonekana, unganisha simu kwa waya wa USB, ruhusu kushiriki intaneti, kisha fungua Driver Manager. Kama kisakinishi hakioni diski kabisa, ingia BIOS ubadilishe mpangilio wa diski kutoka RAID au RST kwenda AHCI. Fanya hivyo tu kama Windows iliyopo inafutwa, maana haitawaka baada ya badiliko hilo.

RAM GB 4 inatosha. Kama mashine bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD hata ya GB 120. Tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Usisahau fomu za Excel zenye makro, kama zile za mamlaka za mapato. Zijaribu kwenye LibreOffice, programu ya bure inayoshika nafasi ya Office, kabla ya kuhamisha mhasibu. Ikikwama hata moja, mwachie mhasibu Windows.

## Hatua ya 8: Rudisha programu, ukiziangalia leseni

Kwa maandishi na majedwali, LibreOffice. Nenda Tools, Options, Load/Save, General, na uweke ihifadhi kwa muundo wa Word na Excel, la sivyo wateja watalalamika kwamba faili zako hazifunguki. Fonti za Carlito na Caladea zina upana sawa na Calibri na Cambria, kwa hiyo kurasa hazirukiruki.

Picha za pasipoti hutoka vizuri kwa GIMP: milimita 35 kwa 45 kwa dpi 300 ni pikseli 413 kwa 531, na karatasi ya 4R inabeba nane. Nembo na mabango, Inkscape. Kufungua faili zilizobanwa, 7-Zip.

Mtego mkubwa uko kwenye programu za bure. TeamViewer na AnyDesk ni za bure kwa matumizi binafsi tu. Ofisini zinahitaji malipo. Microsoft 365 Personal na Family si za biashara. Kifurushi cha nyongeza cha VirtualBox kina masharti yake tofauti na VirtualBox yenyewe. Mtu anaweza kutoka kwenye kreki na kuingia kosa lingine akidhani ameokoka, kwa hiyo kabla ya kubonyeza "I agree" tafuta maneno "personal" au "non-commercial".

## Hatua ya 9: Funguo zibaki kwako

Kwenye kila Windows andika:

`net localgroup administrators`

Orodha iwe na akaunti yako ya usimamizi na ile ya "Administrator" ya Windows, basi. Wafanyakazi wapewe akaunti za kawaida, zisizoweza kusakinisha kitu. Ukikuta jina la fundi, liondoe; akihitajika ataingia mbele yako. Ondoa pia programu yoyote ya kuingilia mashine kwa mbali yenye nywila ya kudumu, kwa sababu mwenye nywila hiyo anaona nakala za vitambulisho vya wateja wako usiku ofisi ikiwa imefungwa.

Risiti, funguo za ubao mama na picha za vibandiko ziweke kwenye faili moja la karatasi, karatasi moja kwa kila mashine. Nakala yake ikae nje ya ofisi.

Siku 200 baada ya kazi, rudia `slmgr /xpr` kwenye mashine zote. Kreki yoyote ya KMS ya Windows iliyorudi kimyakimya itajionyesha kwa kutoa tarehe.